Alichokishika Bi Samawati

Benchi letu limeegemea ukuta wa chumba cha Mshono, fundi cherehani, likitazamana na kibanda cha kinyozi ambaye sote twamwita Wembe. Mimi nilikuwa mtu wa jioni na Jumamosi tu hadi tarehe 30 Juni 2004, nilipostaafu ukarani baada ya utumishi usio na doa. Tangu kesho yake nimekuwa mtu wa kila siku, na hapa huitwa Karani, cheo ambacho sijapata kukikataa. Kulia kwangu huketi Breki, dereva wa lori mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna. Shangazi, muuza kahawa, haketi. Husimama na birika lake mwisho wa benchi, na hakuna hoja inayopita bila yeye kuiidhinisha. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 8 Juni 2019, sote tulifika mapema, kwa kuwa Mshono alikuwa anahama. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia ukungu, cherehani kilikwisha kuuzwa, na binti yake alikuwa njiani na gari kuja kumchukua akaishi naye mji mwingine. Katikati ya benchi, juu ya sinia, vilikuwa vimesimama visanamu vya katuni za Kijapani, vile ambavyo vijana huviita vya anime, tulivyovikusanya pamoja kwa zaidi ya miaka ishirini. Binti alikuwa amekwisha kumwambia baba yake kwamba chumba atakachompa ni kidogo, na juu ya kabati pana nafasi ya kisanamu kimoja. Waliosalia wangehamia rafu ya Wembe. Tulikuwa tumekutana kuamua ni nani aende.

– Aende huyu wa mapanga mawili – alisema Wembe, akimwinua kijana wa plastiki mwenye nywele zilizosimama kama miiba ya nungunungu. – Ugenini mtu anahitaji ulinzi.

– Ulinzi gani? Juu ya kabati? – alijibu Breki. – Atamlinda na mende?

– Mende nao ni viumbe.

– Mpeleke Mzee Moshi. Yule mnene. Hana makuu, hatasumbua nyumba ya watu.

– Mzee Moshi ana mguu wa gundi – nilisema. – Ulivunjika Mei 2011, ukiwa mikononi mwako.

– Karani, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilimwambia asisimame ukingoni.

Mshono alikuwa ameketi mwisho wa upande wake, mikono magotini, uso ameuelekeza kwenye sinia kwa namna ya mtu anayesikiliza harufu. Sote tulijua anayemtaka. Sote wawili tulijua, nikisema hivyo nina maana ya mimi na yeye, kwamba tunamtaka mmoja: Bi Samawati, binti wa kimo cha kidole cha kati, nywele za rangi ya samawati hadi kiunoni, koti refu, macho ameyainua juu, na mkono wa kulia umekunjwa ngumi yenye tundu katikati. Zamani alikuwa ameshika kitu. Kitu hicho kilikwisha kupotea kabla hajatufikia. Mshono alitaka aende naye. Mimi nilitaka abaki.

Ni haki msomaji ajue tulivyompata. Mnamo mwaka 1993 Wembe alinunua televisheni ya mtumba, iwekwe kibandani ili wateja wasichoke kusubiri. Picha ilikuwa safi kama kioo, lakini sauti haikutoka siku ya kwanza na haijatoka hadi kesho. Kila alasiri, baada ya saa za kazi, kituo kimoja kilirusha katuni za Kijapani, nasi tulijazana pale, watu wazima wenye familia, tukiangalia wasichana wenye macho makubwa wakiruka juu ya mapaa na wazee wenye ndevu za moto wakipasua milima. Sauti ilikuwa Breki. Alisimama kando ya kioo na kumsemea kila mtu: mzee kwa sauti nene, binti kwa sauti nyembamba, na pikipiki kwa mdomo. Mtu akipigwa ngumi, Breki alieleza kwamba ni kwa sababu ya shamba la urithi. Katuni ikiisha tulikuwa tumeshakubaliana nani mwenye kosa. Jina la katuni yenyewe hatukulijua, wala majina ya wahusika wake, tuliwapa yetu. Nilitoka pale jioni nyingi nikiwa nimecheka hadi tai imekwenda upande, na mke wangu alikuwa akiniuliza mlangoni ni ofisi gani hiyo inayofurahisha watu namna hii.

Kisha, Jumanne tarehe 14 Machi 1995, Mshono alikuwa akipunguza koti la mvua la mtoto, la mtumba, lililoletwa na mteja kutoka sokoni. Sindano ya cherehani iligonga kitu kigumu katika bitana ya mfuko. Alifumua. Akatoka Bi Samawati.

– Kikulacho ki nguoni mwako – Wembe alisema siku ile, na amelisema kila mwaka tangu hapo.

– Methali hiyo ni ya adui – nilimwambia siku ile, na nimemwambia kila mwaka.

Baada ya hapo ilikuwa kama ugonjwa, lakini ugonjwa ambao mtu haombi dawa. Wauza mitumba walijua kwamba ukipata mtu wa plastiki ndani ya robota la nguo, mpelekee Mshono, atakupindia suruali bure. Wakaja mmoja mmoja: aliyetoka katika soksi, aliyetoka katika kofia, mwenye mabawa aliyetoka katika begi la shule akiwa na bawa moja. Tulijifunza namna ya kuwatunza. Plastiki ikizeeka hutoa jasho na kunata. Tuliwaogesha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kila Jumamosi, katika beseni la Shangazi, na Wembe aliwapangusa kwa ile brashi laini ya kufutia nywele shingoni. Jua tuliwaepusha nalo, kwa kuwa hupausha rangi, na palipochubuka tulipaka rangi ya kucha. Na ilikuwapo desturi, ambayo nadhani hakuna wakusanyaji wengine duniani walio nayo: ukitaka kumchukua mmoja nyumbani kwako kwa wiki, hukulipa kitu, ulisimama mbele ya benchi na kutoa kisa chake. Kisa kikipendeza, unaondoka naye. Jumamosi inayofuata unamrudisha, akaogeshwa. Hivyo walitembea. Hakuna nyumba ya mtu wa benchi hili ambayo hawakulala.

Siku moja alipita kwetu bwana mmoja aliyesema naye ni mkusanyaji, ila wake wako ndani ya maboksi, hajawafungua hata mmoja. Breki alimuuliza wamefungwa kwa kosa gani. Bwana yule hakurudi.

Sasa nirudi kwenye Jumamosi ya kuhama.

– Tusizungushane – alisema Breki. – Hapa shida ni Bi Samawati. Mshono anamtaka, Karani anamtaka, na wote wawili wanajifanya wanatazama barabara. Mimi natoa wazo. Tangu mwaka tisini na tano tunabishana alichokuwa ameshika. Leo tumalize. Ambaye neno lake litapita, huyo ndiye aamue kama anaenda au anabaki.

– Na simu hairuhusiwi – alisema Shangazi.

– Simu hairuhusiwi kabisa. Simu ikishajibu, sisi tutakaa hapa kufanya nini?

Sheria hiyo ya simu tuliipitisha Desemba 2013, mteja mmoja wa Wembe alipotaka kumpiga picha Bi Samawati ili mtandao umtambue. Wembe alimnyoa upande mmoja akaacha kazi hadi simu iliporudi mfukoni.

– Mimi naanza – alisema Wembe. Alimchukua Bi Samawati na kumwinua usawa wa macho. – Chanda chema huvikwa pete. Hiki chanda kina tundu. Maana yake ni chombo cha kazi. Sasa tazameni nywele. Samawati haizaliwi, samawati inapakwa. Huyu ni kinyozi. Ameshika mkasi.

– Kinyozi mwenye nywele mpaka kiunoni? – aliuliza Shangazi.

– Fundi viatu hutembea peku, Shangazi. Halafu fikirini. Katuni zote tulizoona, watu wote nywele zimesimama. Mmoja nyekundu, mmoja kijani, mwingine kama moto wa mkaa. Wanapigana, wanaanguka mtoni, wanalipuliwa, wanainuka, nywele ziko vilevile. Nani anazitengeneza? Lazima pana mtu mmoja katika nchi nzima anayefanya kazi hiyo. Ndiye huyu. Vita vyote vile walikuwa wanagombania foleni.

Hata mimi nilicheka. Mshono naye alitabasamu, ila hakuinua uso.

– Umemaliza? – aliuliza Breki. – Haya, lete. Wewe unaangalia nywele, mimi mtu wa barabara naangalia miguu. Mguu wa kushoto uko mbele au hauko?

– Uko.

– Kisigino kimegusa chini, kidole kimeelekea chini. Hiyo inaitwa kukanyaga klachi. Mkono wa kulia ngumi. Hiyo ni gia. Huyu alikuwa anaendesha lori.

– Lori liko wapi?

– Limeuzwa mbali. Kwani wewe mtumba wako huja kamili? Sikiliza. Macho yako juu, kwa hiyo anapanda mlima. Nywele zimerushwa nyuma, kwa hiyo kioo cha mbele hakuna. Na hawa wengine wote kwenye sinia ni abiria wake. Mzee Moshi alikuwa turnboi, utingo wake. Ndiyo maana ni mnene, turnboi anakula kila kituo.

– Lori lenyewe lilibeba nini?

– Saruji – alisema Breki bila kufikiri. Kisha akafikiri. – Saruji ya kujengea mwezi. Kule kwao mwezi huwa unapasuka pasuka, tumeona wenyewe. Nani anauziba?

Shangazi aliweka birika chini, jambo asilolifanya ovyo.

– Nyie wanaume akili zenu ni za kazi zenu tu – alisema. – Hebu niulize. Watu wote wale wanapigana tangu asubuhi. Wanarukaruka. Wanapiga kelele, ingawa sauti sijaisikia. Wewe umewahi kuona mtu anawapa kitu cha moto?

Tulikiri kwamba hatujaona.

– Basi. Huyu alikuwa na birika. Alipita katikati ya vita anamimina. Na macho anayainua juu kwa sababu kuna mmoja ameruka hajashuka, anamwambia shuka kinapoa. Na akishuka vita vinakwisha, maana hakuna anayepigana na kikombe mkononi. Katuni ikiisha mlikuwa mnasema mwema kashinda. Nani kashinda? Kahawa imeiva.

– Shangazi, hiyo nzito – alisema Wembe.

– Si nzito, ni kweli. Haba na haba hujaza birika.

Nilizuia kinywa changu kusahihisha.

Zamu yangu ilipofika nilisimama, kwa sababu nilisomeshwa katika shule ambapo mtu alisimama anapotoa maelezo. Sikumchukua kisanamu mkononi. Nilieleza kwa mpangilio. Kwanza, kwamba alikutwa katika koti la mvua. Mtoto haweki upanga wala birika katika koti la mvua, huweka kinachohusiana na mvua. Pili, kwamba naye mwenyewe amevaa koti. Tatu, kwamba macho yake yanatazama juu, kama atazamavyo mtu aliyesimama barazani akipima mawingu. Kwa hiyo, nilisema, alikuwa ameshika mwavuli.

– Hiyo si yako – alisema Breki, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake.

– Si yangu – nilisema. – Ni ya marehemu.

Walikumbuka. Mwezi Agosti 2009 mke wangu alilazwa, akarudishwa nyumbani, akalala upande wa dirisha. Jumamosi moja nilikuja benchini bila kisa chochote kichwani, nilikaa tu. Mshono alimfunga Bi Samawati katika kipande cha kitambaa cha pamba na kunitilia mfukoni, akasema, «Mpelekee shemeji. Kisa atatoa yeye.» Nilimpeleka. Mke wangu, ambaye kwa miaka kumi na minne alikuwa akiviita visanamu vyetu «wake wenza», alimtazama sana, kisha akaniambia nimsimamishe pale dirishani. Jumamosi iliyofuata nilipotaka kumrudisha, nilimkuta Mshono mlangoni kwangu. Alisema zamu ya Bi Samawati haijaisha. Ilikuwa haijaisha hata Septemba, wala Oktoba. Kila jioni mke wangu alikuwa na jambo jipya la kusema juu yake: kwamba mwavuli wake ulikuwa mwekundu, kwamba ameusahau kwenye basi, kwamba anamsubiri mume wake ambaye amekwama ofisini na mihuri yake. Alinicheka mimi kupitia kwa mdoli. Alifariki tarehe 19 Novemba. Nilimrudisha Bi Samawati Jumamosi baada ya arobaini, na Wembe akamwogesha tu pamoja na wenzake.

Hii ndiyo sababu nilitaka abaki. Rafu ya Wembe iko hatua chache kutoka benchini. Ningeweza kumwona kila siku.

– Mshono, wewe bado – alisema Wembe.

– Mimi yangu mnaijua – alisema Mshono. – Sindano. Nimesema sindano tangu siku ya kwanza, nimemwekea sindano ngapi pale zikaanguka. Sina jipya. Endeleeni.

– Tetea basi, bwana. Hata mimi nimetetea lori.

– Nitetee nini. Fundi akiokota mtu mwenye tundu mkononi, ataweka alichonacho.

Breki aliomba kura. Wembe, baada ya kujikuna kidevu, aliacha mkasi wake akasema mwavuli una mantiki. Breki alisema hawezi kuacha lori, lakini anakubali kwamba siku hiyo mvua ilinyesha. Shangazi alichukua birika lake.

– Mwavuli – alisema. – Shemeji yetu alikuwa na macho.

Hivyo neno langu likapita. Sitaficha kwamba nilifurahi. Nilijikohoza, nikamweka Bi Samawati upande wangu wa benchi, na kama mtu anayeshinda kwa adabu nikamwambia Mshono:

– Ndugu yangu, hawa wote waliobaki ni wako kuchagua. Chukua umpendaye.

– Sawa – alisema. – Haki ni haki.

Alivuta sinia magotini. Hapo ndipo tulipoona jambo ambalo, kwa wema au kwa woga, tulikuwa hatujalitazama. Mkono wake ulipita juu ya vichwa vyao polepole, ukagusa mmoja, ukamwacha, ukamshika mwingine. Alimzungusha vidoleni, akapitisha kidole gumba mgongoni.

– Huyu ni wa mapanga mawili – alisema.

Alikuwa mwenye bawa moja.

– Mwenye macho haambiwi… – Breki alianza, kwa mazoea tu, na methali ikamfia ulimini. Alijitazama viatu.

Mshono alichukua mwingine.

– Na huyu Mzee Moshi.

Alikuwa msichana wa ngoma, mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Mshono aliinua uso kuelekea kwetu, akisubiri. Nimemfahamu Breki tangu mwaka 1988. Sijapata kumsikia akiacha kosa la mtu lipite. Amebishana na mahubiri, amebishana na saa ya benki. Alisema:

– Ndiye. Huyohuyo.

– Amepungua – alisema Mshono.

– Siku hizi hali vizuri.

Mshono alicheka kidogo, akamrudisha msichana wa ngoma mahali pake, akamlaza kwa sababu hakuona tundu la kisimamio. Kisha, kwa kuwa mkono ulikuwa bado unatafuta, ulivuka ukingo wa sinia ukafika upande wangu. Vidole viligusa nywele za Bi Samawati, vikashuka hadi kiunoni, vikarudi kwenye ngumi, na ncha ya kidole chake kidogo ikasimama penye tundu. Hakuuliza ni nani. Aliondoa mkono mara moja, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

– Samahani, Karani – alisema. – Huyo ni wako.

Wakati huo gari lilikuwa limesimama mbele yetu na injini inanguruma. Alishuka mwanamke wa makamo, amevaa viatu vya kazini, uso wa baba yake kabisa isipokuwa kwamba wake ulikuwa na haraka. Tulimjua alipokuwa binti mdogo aliyefanyia kazi za shule chini ya meza ya cherehani. Baadaye alikwenda kusoma, kisha kuolewa, na visanamu vilijaa wakati yeye hayupo.

– Shikamooni, wazee. Shikamoo, shangazi.

– Marahaba, mwanangu. Umekuja salama?

– Salama. Barabara tu. Baba, begi ni hili moja?

– Hilo moja.

Alilipakia, akafunga buti, akarudi. Ndipo alipoona sinia. Aliinama, akawatazama wote, wa mapanga na wa mabawa, wa gundi na wa rangi ya kucha, mmoja baada ya mwingine, na haraka ikamtoka usoni kidogo kidogo.

– Kumbe ndio hawa – alisema. – Nilidhani ni viwili vitatu. Haya baba, tuondoke kabla ya jua kali. Wako ni yupi?

Mshono aligeuza uso upande wetu, kama mtu anayeomba msaada wa anwani katika mtaa anaoishi mwenyewe.

Wembe alimtazama Breki. Breki alinitazama mimi. Nilikuwa na tarehe za wote: aliyefika lini, katika nguo gani, nani alimchukua wiki ya kwanza, nani alimwangusha, nani alimpaka kidole cha mguu rangi upya. Nilijaribu kumtafuta mmoja ambaye ningeweza kusema ni wa Mshono na si wa mtu mwingine. Niliwapitia kichwani kama nilivyokuwa nikipitia majalada. Huyu alitoka kwake akalala kwa Shangazi mwezi mzima mwanawe alipokuwa mgonjwa wa surua. Yule alisafiri na Breki ndani ya lori hadi alikojua yeye. Huyu je? Na yule?

– Hawajui – binti alisema taratibu, si kwa dharau. – Baba, jamani, swali dogo tu.

– Dogo – alisema Shangazi. – Ndiyo maana linapenya.

Niliinuka. Nilimchukua Bi Samawati, nikazunguka mbele ya gari, nikafungua mlango wa kiti cha abiria. Nilimsimamisha juu ya kiti, nikamwegemeza, nikavuta mkanda nikampitisha kifuani na kuufunga hadi ukalia. Ulikuwa mkubwa kwake mno. Nilikunja koti langu nikaliweka nyuma yake ili asiyumbe.

– Mzee – alisema binti –, sasa baba atakaa wapi?

– Nyuma – nilisema.

– Kwa nini akae nyuma?

– Kwa sababu mbele pana mtu.

Breki alipiga goti kwa kiganja, akanyanyuka, akamshika Mshono mkono hadi kwenye mlango wa nyuma, akamwonya juu ya kizingiti cha gari kana kwamba ni korongo. Mshono alikaa. Alinyoosha mkono mbele, katikati ya viti viwili, hadi ukafika pale nilipomfunga, ukabaki pale.

– Karani – alisema. – Si ulishinda?

– Nilishinda.

– Na kura ilipigwa.

– Kihalali kabisa.

– Basi huyu mimi nampeleka kama nani?

Nilifunga mlango wake kwa uangalifu, kwa kuwa milango ya magari ya siku hizi ni myepesi. Binti alizunguka akakaa kwenye usukani, akatazama kiti cha pembeni yake, akarekebisha mkanda kidogo ili usimzibe mtu uso. Kisha akaondoka mdogo mdogo, kama watu wanavyoendesha wanapobeba mayai.

Tulisimama hadi gari lilipokata kona. Breki alisema binti amesahau indiketa. Wembe alibeba sinia kwa mikono miwili kuvuka barabara, akisimama baiskeli zipite, na tulimwona kupitia dirishani akiwapanga mmoja mmoja.

Nilirudi kukaa. Nilinyoosha kikombe changu. Shangazi aliinamisha birika, likatoa tone moja, la pili, basi.

– Imekwisha – alisema.

– Hata machicha?

– Hata machicha, Karani. Kaa tu.